Nukta ya Nane

Zuhura, siku ile uliponisaidia kubeba masanduku uliniuliza zamani, kabla ya kompyuta, nilikuwa nafanya nini kutwa nzima. Nikakujibu, "Nilikuwa nachapa." Ukacheka, nami nikacheka, tukaendelea kubeba. Jibu lile lilikuwa fupi mno kwa miaka thelathini na minane. Sasa niko nyumbani Mollo, nina meza, nina dirisha, na mahindi yameshavunwa hayanihitaji tena. Nakuandikia jibu lenyewe, wewe na wenzako wa ofisi ya taaluma. Kuhusu vyeo sitasema kitu, kwa sababu nilipanda mara mbili na mara zote mbili nilikuwa wa mwisho kujulishwa. Nitasema kuhusu nukta.

Niliingia shuleni nikiwa na umri wa miaka ishirini na miwili, nina cheti cha kupiga chapa na viatu vya kuazima. Shule ni ileile unayoijua, kwenye njia ya kwenda Kaengesa, ila mikaratusi iliyo mbele ya bwalo wakati ule ilikuwa inanifika kiunoni. Chumba changu kilikuwa kati ya stoo ya majembe na ofisi ya walimu. Kilikuwa na taipureta moja nzito kama jiwe la kusagia, mashine ya kudurufu, kigoda cha mninga, na dirisha lililotazama safu ya Lyamba lya Mfipa. Kioo kimoja cha dirisha kilikuwa kimevunjika. Kilivunjika kabla sijafika na kilizibwa baada ya miaka tisa, kwa hiyo upepo wa Ufipa ulikuwa mfanyakazi mwenzangu, tena wa kudumu kabla yangu.

Wewe hukuiona stensili, acha nikueleze. Ni karatasi laini iliyopakwa nta. Unaiweka kwenye taipureta, unaondoa utepe wa wino, unapiga herufi kavu, na kila herufi inatoboa nta mahali pake. Ukiinua stensili iliyokamilika ukaiweka dirishani, unaona mtihani mzima umeandikwa kwa mwanga. Kisha unaivalisha kwenye pipa la mashine, unazungusha mkono, wino unapenya kwenye vile vitobo, na karatasi zinatoka upande wa pili mojamoja, zikinuka mafuta. Ukikosea, unapaka dawa nyekundu yenye harufu kama rangi ya kucha, unapuliza, unasubiri, unapiga tena. Ukikosea mara tatu mahali pamoja stensili inachanika, unaanza upya. Nimewahi kulia juu ya stensili. Machozi hayaharibu nta, nilichunguza.

Siku yangu ya tatu akaingia mtu mrefu mwenye koti la sufu la kahawia, mifuko imevimba. Huyo alikuwa Mwalimu Gaudensi, wa kemia, mzaliwa wa kijiji cha Kate, aliyekuja kazini kwa baiskeli hata mvua ikinyesha.

"Wewe ndiye Krispina?"

"Ndiyo, Mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba. Hili jaribio liwe tayari kesho. Nukta uzihesabu."

Akatoka. Karatasi yake ilikuwa imeandikwa kwa mkono mzuri, na katikati kulikuwa na herufi kubwa, O na N na Cl, zimezungukwa na nukta ndogondogo, nyingine ndani ya mabano. Nilidhani ni mapambo. Shangazi yangu alikuwa akifuma vitambaa vya makochi vyenye nukta kama zile. Nikazipiga kwa kitufe cha nukta, kwa nguvu zote za mtu mwenye kazi mpya, na pale nilipoona nafasi inatosha nikaongeza, ili pande zote zipendeze.

Kesho yake alirudi ameshika nakala moja kwa vidole viwili.

"Binti, kloridi imeugua surua?"

"Nukta zipo, Mwalimu."

"Zipo ngapi?"

"Nyingi."

"Nyingi," akarudia polepole, kama anayeonja dawa. Nilisubiri aende kwa Mkuu wa shule. Badala yake akavuta kigoda changu, akakaa, akafunika taipureta kwa kifuniko chake, akaandika Cl juu ya kifuniko kwa chaki. Kisha akaingiza mkono mfukoni na kutoa karanga za kukaanga. Ndizo zilizokuwa zimevimbisha koti.

"Hii ni klorini. Imekuja na elektroni saba za nje." Akaizungushia karanga saba. "Kila atomi inakuja na zake, ziko kwenye jedwali, utakariri. Sasa mimi nimeandika chaji, hasi moja. Maana yake nini?"

"Imepungukiwa moja."

"Darasa zima husema hivyo mwaka wa kwanza. Hapana. Elektroni yenyewe ndiyo hasi. Ukiipokea unakuwa hasi." Akaweka karanga ya nane. "Mabano pande zote, alama ya hasi nje, juu kulia. Hapo ioni ya kloridi imetimia. Wewe uliipa kumi na moja."

"Nilitaka ipendeze, Mwalimu."

"Imependeza sana. Ila haipo duniani."

Akafuta, akaandika Na, akaiwekea karanga moja. "Sodiamu inakuja na moja." Akaiokota, akaila. "Sasa ina chaji gani?"

"Chanya moja?"

"Kwa nini?"

"Kwa sababu umeila, Mwalimu."

Hapo alicheka kwa mara ya kwanza. Kwa magnesiamu alikula mbili, kwa aluminiamu tatu, na nikaelewa kwa nini somo lile alilipenda.

Pagumu palikuwa kwenye zile zinazoshirikiana. Alipanga hidroksidi: oksijeni imekuja na sita, haidrojeni na moja, na moja imetoka nje kwa sababu ya ile hasi. Jumla nane. Karanga mbili kati ya hizo akazilaza katikati ya O na H.

"Hizi mbili za katikati ni za nani?"

"Za oksijeni."

"Nyumbani kwenu kila mtu ana bakuli lake la mboga?"

"Hapana, Mwalimu. Bakuli moja, tunazunguka."

"Dada yako akisema amekula, na wewe ukisema umekula, kuna mwongo hapo?"

"Hakuna."

"Basi. Ukihesabu chakula kilichopikwa, bakuli unalihesabu mara moja. Ukihesabu walioshiba, bakuli ni la kila mmoja aliyelifikia. Oksijeni anataka nane zimzunguke, haidrojeni anataka mbili tu, ana tumbo dogo. Hesabu ya kwanza ni ya chakula. Hesabu ya pili ni ya walaji. Zote mbili zikikubali, mchoro ni halali. Moja ikikataa, unirudishie, hata kama nimechora mimi."

Aliposimama kuondoka akasema jambo ambalo nimelisema kwa kila aliyekaa kwenye chumba kile baada yangu, na wewe umelisikia mpaka umechoka. "Utahesabu mara tatu, Krispina. Kwenye mwandiko wangu, kwenye nta yako, na kwenye karatasi ya mwanafunzi. Mwanafunzi haoni mwandiko wangu wala nta yako. Anaona karatasi yake."

Kitufe cha taipureta hakikufaa kwa nukta. Kilitoboa shimo kubwa na wino ukafurika. Nikaenda sokoni kwa fundi baiskeli, nikamwomba anikatie spoku na kuinoa ncha iwe ya duara, isiwe kali. Akaniuliza naitaka ya nini, nikamwambia ya elektroni. Akanitazama kwa huruma akaninolea. Spoku ile nilitoboa nayo nta miaka kumi na tano. Nililaza stensili juu ya kioo cha picha, nikashika pumzi, nikagusa, nikaachia. Nukta nzuri ni ile ambayo mkono unaijutia kidogo. Mkono ukiwa na uhakika sana, unachana.

Adui mwingine alikuwa baridi. Watu wa mabondeni huko Rukwa hawaamini ukiwaambia wino unaganda, lakini juu huku, Juni na Julai, asubuhi wino wa kudurufu unakuwa mzito kama asali ya msituni. Herufi zinatoka hafifu lakini zinasomeka. Nukta hazitoki. Kitobo ni kidogo, wino mzito hauoni sababu ya kupita. Kwa hiyo kila asubuhi ya baridi niliwasha jiko dogo la mkaa, nikaliweka karibu na mashine, nikashika mrija wa wino kwapani kama kifaranga mpaka ulainike. Nakala kumi za kwanza nilizitupa hata kama zilionekana nzuri. Kisha katika kila nakala kumi nilichomoa moja, nikahesabu.

Mwaka haujaisha nikawa najua. Mwalimu mmoja wa mazoezi, kijana msafi mwenye tai, aliniletea kaboneti. Nikahesabu chakula: kaboni nne, oksijeni tatu zenye sita sita, na mbili za chaji. Ishirini na nne, na mchoro wake ulikuwa nazo zote. Nikahesabu walaji. Oksijeni zote tatu zilikuwa na nane. Kaboni ilikuwa na sita. Nikamfuata.

"Dada," akasema, "wewe ni mpiga chapa au mkemia?"

"Mpiga chapa, Mwalimu. Ila kaboni yako imelala njaa."

Akachukua karatasi, akatazama muda mrefu, akakohoa. Kisha akachukua nukta mbili zilizokaa pembeni ya oksijeni moja akazisogeza katikati, kati yake na kaboni. Sasa wote wakashiba kwa chakula kilekile. Mwalimu Gaudensi aliposikia alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi za maabara. Nami nikavimba kichwa. Nilianza kuamini kwamba nukta zinanijua.

Sasa nifike kwenye Juni ile.

Kidato cha pili walikuwa na mtihani wa kuchagua mchepuo. Wakati ule maabara ilikuwa na viti arobaini, kwa hiyo arobaini wa kwanza kwa jumla ya maksi za kemia, fizikia na biolojia waliingia sayansi. Wengine walikwenda sanaa, watake wasitake. Miongoni mwao alikuwepo msichana anaitwa Sabina, binti wa mkulima wa hukuhuku Mollo. Nilimfahamu kwa sababu kila Ijumaa alikuja kuniomba karatasi zilizoharibika, afanyie hesabu upande wa nyuma. Siku moja nilimuuliza anataka kuwa nani. Akasema daktari wa mifugo. Mwaka uliotangulia, ng'ombe wawili wa baba yake wa kulimia walikufa katika juma moja, na hakuna mtu kijijini aliyejua kilichowaua. Baba alilima ulezi wa msimu ule kwa jembe la mkono, na mgongo wake haukunyooka tena. "Nataka nijue waliugua nini," alisema.

Asubuhi ya mtihani wa kemia mkaa ulikuwa umelowa, ukatoa moshi bila moto. Mwalimu wa taaluma akachungulia mlangoni.

"Krispina, saa mbili wanaingia."

"Wino haujalainika, Mwalimu."

"Mtihani unasomeka hausomeki?"

Nikatazama nakala ya kwanza. Ulisomeka. Herufi zilikuwa za kijivu, lakini zilisomeka. Karatasi nazo zilikuwa za kubahatisha, nilikuwa na bunda moja la mwisho. Nikaziweka zile za kwanza pamoja na nyingine, nikazungusha mkono, nikazungusha. Sikuchomoa ya kumi. Sikuhesabu hata moja.

Swali la tano lilikuwa na michoro minne ya ioni. Likauliza ipi ni halali, na kwa nini. A ilikuwa kloridi yenye nukta saba. B ilikuwa hidroksidi, iliyochorwa sawasawa. C ilikuwa amoniamu yenye nukta kumi. D ilikuwa oksidi yenye nukta nane lakini chaji ya hasi moja badala ya mbili. Jibu lilikuwa B, lenye maksi tano pamoja na maelezo.

Majuma mawili baadaye orodha ikabandikwa. Mchana ule Sabina akasimama mlangoni pangu, hakuja kuomba karatasi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, Sabina. Umeona orodha?"

"Nimeona. Mimi ni wa arobaini na moja."

Akafungua daftari, akatoa karatasi ya maswali iliyokunjwa mara nne.

"Swali la tano niliandika hakuna iliyo halali. Niliandika B ina nukta saba, na hasi moja inataka nane. Nimepata sifuri. Nimekwenda kwa Mwalimu Gaudensi, hakuitazama karatasi, akasema wenzako wote wameona nane, macho yako yana nini?" Akaiweka karatasi mbele yangu. "Sikuja kulalamika, dada. Nimekuja unihesabie. Kama ni nane, basi kweli sioni vizuri, nimwambie baba anipeleke nikapimwe."

Nikahesabu. Mbili katikati. Mbili chini. Mbili kushoto. Juu ya O moja, na pembeni yake pale palipotakiwa kuwa na nyingine, karatasi nyeupe. Nikahesabu tena kwa ncha ya spoku, kwa sababu nilitaka sana nikosee. Saba.

"Ulifuta kitu hapa?" Nimelijutia swali lile maisha yangu yote.

"Nifute wino wa mashine nipate nini, dada?"

Nikachukua stensili kwenye faili, nikaiinua dirishani. Kitobo cha nane kilikuwepo, duara, safi, kazi yangu nzuri. Mwanga ulipita. Wino tu ndio haukupita, na wino ulikuwa kazi yangu pia.

"Macho yako hayana kitu," nikamwambia. "Niachie karatasi."

Alipotoka nilikaa. Nilikuwa nimebakiza miezi miwili kumaliza muda wa majaribio, na tayari nilikuwa nimeonywa kwa mdomo kwa kuchanganya kurasa za mtihani wa jiografia. Mkuu alisema wazi kwamba mara nyingine nitarudi kwetu. Stensili na karatasi ya Sabina vilikuwa mikononi mwangu. Jiko lilikuwa pale, na siku hiyo mkaa ulikuwa mkavu.

Nikaenda maabara. Mwalimu Gaudensi alikuwa anasuuza mirija ya kupimia. Nikaweka karatasi na stensili mezani.

"Mwalimu, hesabu."

Akafuta mikono, akahesabu. Sikuona uso wake ukibadilika, niliona kidole chake kikirudi mwanzo.

"Wino?"

"Wino ulikuwa baridi. Sikuupasha. Za kwanza sikuzitupa. Na sikuhesabu."

"Ziko ngapi kama hii?"

"Sijui. Labda kumi. Labda zaidi."

Akavuta kiti, akakaa kama mtu aliyetembea mbali. "Kwa hiyo kuna watoto kumi waliotazama nukta saba wakaona nane. Nikawapa tano. Na mmoja nimemfundisha kuhesabu, amehesabu, nikampa sifuri na nikamtukana macho." Akatoa karanga, akazitazama, akazirudisha mfukoni. Hiyo ndiyo siku pekee niliyomwona akizirudisha.

Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Naweza kurekebisha orodha. Nitasema nilikosea kujumlisha maksi zake. Wewe hutatajwa."

Zuhura, nilitaka. Sitakudanganya. Nilitaka vile mtu anavyotaka maji. Nilifungua mdomo nimshukuru, mawazoni nikamwona Sabina akinihesabia kwa kidole nafasi ile nyeupe.

"Ukisema ni kujumlisha, Mwalimu, atapata kiti," nikasema. "Lakini ataendelea kudhani haoni."

Akavaa koti, tukaenda wote kwa Mkuu.

Kesho yake mstarini Mwalimu Gaudensi alisimama mbele ya kidato cha pili, upepo ukipiga koti lake, akawaagiza wote wakalete karatasi za maswali. Wakapanga mistari. Akapita kwa kila mmoja, akahesabu kwa ncha ya kalamu, nami nikamfuata nyuma nikiandika. Karatasi kumi na nne zilikuwa na nukta saba. Kumi na tatu kati ya wenye karatasi hizo walikuwa wamejibu B.

"Nyinyi kumi na tatu," akawaambia, "mliniandikia kitu nilichokifundisha. Huyu ameandika kitu alichokiona. Sabina, nilikosea. Macho yako ni mazima kuliko yangu."

Mtu mmoja nyuma akanong'ona, "Kumbe Mwalimu naye anakosea," na mwenzake akamjibu, "Nyamaza wewe, hata B yako ni ya kukariri." Sabina alikuwa ameinamisha kichwa, lakini nilimwona akikunja tena karatasi yake mara nne, taratibu, kama mtu anayekunja nguo ya kanisani.

Kwa zile maksi tano alipanda, na aliyekuwa wa arobaini akashuka kuwa wa arobaini na moja. Mwalimu Gaudensi akagoma. Alisema hakuna mtoto atakayelipia wino. Mkuu akasema viti ni arobaini. Nikasema nina kigoda. Basi kigoda changu cha mninga kikaenda maabara, na kwa miaka miwili nilichapa nimekalia kreti la soda. Mgongo wangu unakumbuka mpaka leo, hasa Juni.

Nililipwa haki yangu pia. Mkuu aliamua kuniandikia barua ya onyo na kuniongezea miezi sita ya majaribio. Tatizo lilikuwa moja: mpiga chapa shuleni alikuwa mimi. Akanisomea kwa kunitajia neno kwa neno, nikaichapa mwenyewe. "Kwa uzembe wako wa kutopasha wino na kutohakiki nakala, mwanafunzi Sabina, aliyejibu swali la tano kwa usahihi, alipewa sifuri isivyo haki." Akaniuliza kama uzembe ni neno kali. Nikamwambia linatosha, Mkuu. Barua haikuwa na kosa hata moja. Akaisaini, nikaipeleka mwenyewe kwenye faili langu.

Miaka ikaenda. Sabina alipita kidato cha nne, akaenda mbele, na siku moja akatokea dirishani pangu amevaa buti za mpira zenye matope ya zizi, yuko njiani kuelekea Nkasi kuchanja ng'ombe. Hakuingia, kwa sababu ya buti. Tulizungumza kupitia kile kioo kilichovunjika, kumbe kilikuwa na faida. Mwalimu Gaudensi alistaafu kabla spoku yangu haijapumzika. Siku yake ya mwisho nilikuta juu ya kifuniko cha taipureta karanga nane, zimepangwa mbili mbili, pande nne. Katikati hakuandika kitu. Sasa amelala Kate, na nikipata mtu wa kunipeleka huenda nikamsalimia.

Kompyuta zilipokuja, nukta zikaanza kupangwa kwa kubofya. Wengi walidhani mambo ya kuhesabu yamekwisha. Lakini umeona mwenyewe, Zuhura, printa ikikaribia kuishiwa wino inafanya kama baridi ya Juni. Herufi zinabaki, nukta zinaondoka kwanza. Chomoa ya kumi.

Nimalizie na siku ya kuniaga, ili wenzako nao wajue. Mlinipa kitenge kizuri na saa ya ukutani. Mkuu wa sasa aliomba faili langu, asome mbele ya watu safari yangu ya kazi. Wewe ukanivuta kando, nyuma ya bwalo, faili kwapani, umeficha kitu ndani ya mtandio.

"Mama, usiwe na wasiwasi," ukaninong'oneza. "Nimelipekua faili. Kulikuwa na barua moja mbaya ya zamani, eti uzembe. Nimeichomoa. Mama yangu wewe hutaaibishwa siku ya leo."

Nilikushika mkono. Najua ulifanya kwa mapenzi. Ulivyolelewa dukani kwa baba yako, mgeni hapewi kitu chenye kasoro.

"Irudishe, mwanangu."

"Mama! Ataisoma mbele ya wazazi!"

"Aisome. Hiyo ndiyo karatasi pekee katika shule hii inayosema Sabina aliona sawasawa."

Ulinitazama, ukaitoa ndani ya mtandio, ukaisoma pale uliposimama, yote, mpaka sahihi. Ulichuchumaa, ukafungua faili juu ya magoti yako, ukatafuta mahali pake, ukaipachika. Kisha, bila mimi kusema neno, ukarudi ukurasa wa kwanza ukaanza kuhesabu karatasi, kidole kikigusa moja baada ya nyingine, midomo ikitembea kimya, na ulipofika mwisho ukahesabu tena.

Hapo ndipo nilipojua kwamba naweza kwenda nyumbani.